Miti Tuliyoiita Makosa

Wenzangu mliobaki kazini,

Mmenisumbua tangu nilipostaafu niandike habari za kazi kabla sijasahau, na hatimaye nimekubali kwa sababu mbili. Kwanza, asubuhi sina la kufanya siku hizi isipokuwa kumwagilia maua ya jirani ambaye hajaniomba. Pili, wengi wenu hamkumkuta Mzee Anastazi, na naona mnalitaja jina lake mnapopogoa kama watu wanavyomtaja mtakatifu, kwa heshima kubwa na bila kujua alipenda kula nini. Alipenda ndizi za kukaanga na alichukia saruji. Tuanzie hapo.

Habari za vyeo sitaandika. Vingine nilipewa, vingine nilivikwepa, na vyote havikunifundisha kushika mkasi. Mshahara ni siri yangu na mume wangu, ambaye naye hajui wote. Na msiniulize kwa nini naandika Kiswahili wakati sote tuko Kigali. Mzee alizaliwa Bujumbura na wazazi Wanyarwanda, akakulia kwenye mitaa ya Waswahili kule. Mimi nilizaliwa Karagwe, upande wa Tanzania. Tulipokutana, Kinyarwanda chake kilikuwa cha Kirundi na changu kilikuwa cha wazazi wangu, kile walichoondoka nacho wakiwa vijana, na kila nikiagiza kitu dukani muuzaji alitabasamu kwanza kabla ya kunipa. Kwa hiyo tulifanya kazi kwa Kiswahili, miaka yote, na bustani za Kiyovu zimekisikia sana.

Siku ya kwanza nilifika na jembe langu mwenyewe. Nilikuwa nimeolewa juzijuzi, sina kazi, na mwanamke mmoja kanisani alikuwa ameniambia kuna mzee anayetengeneza nyumba za zamani na bustani zake, anatafuta watu wenye mikono. Mikono ninayo, nikasema. Nikanunua jembe jipya, nikapanda nalo kilima linang'aa begani ili mtu yeyote asiwe na shaka nimekuja kufanya kazi.

Mzee Anastazi alikuwa amechuchumaa kwenye kibaraza cha nyumba moja ya vigae, mrefu, mwembamba, kofia imemkaa upande. Aliliangalia lile jembe kama unavyomwangalia mgeni aliyekuja na mbuzi.

"Iko mzuri," akasema. "Weka pale nyuma ya mulango."

Kisha akanipa ufagio.

Nilifagia msimu mzima wa mvua. Hiyo ndiyo ilikuwa sheria yake na hakuna aliyesamehewa, hata yule kijana aliyekuja na cheti cha kilimo. Mtu mpya hakati, hapandi, hachimbi mpaka amepita kwenye bustani hiyo mvua zote, kuanzia ya kwanza hadi ya mwisho. Anafagia, na jioni anaulizwa.

"Haya, madamu. Leo umeona nini?"

"Nimeona majani, Muzehe."

"Bon. Kesho utaona zaidi."

Nilikuwa nakasirika, siwafichi. Nilikuwa nikirudi nyumbani nikimwambia mume wangu kwamba nimeajiriwa na kichaa. Lakini kuna jioni nilimwambia Mzee kwamba maji ya mvua hayafuati mfereji, yanazunguka mparachichi, yanaingia chini ya ngazi na kutokea upande wa jikoni. Akaniambia nikachukue jembe langu. Lilikuwa limeshika kutu, na alinionyesha namna ya kuliondoa kwa mchanga na mafuta bila kunicheka sana.

Alichokuwa anataka tukielewe ni kwamba bustani ya zamani si yako. "Weye iko mgeni," alikuwa akituambia. "Mgeni anasaidia kuosha vyombo. Hapana hamisha makabati." Usiongeze chochote cha kwako, hata kama ni kizuri, na hasa kama ni kizuri. Bwana mmoja mwenye cheo chake alitaka tumng'olee misave mitatu ya zamani, ile miti ya maua ya njano, mbele ya nyumba, tuweke mitende kama aliyoiona hotelini ng'ambo. Mzee alimsikiliza kwa adabu zote, akakunja kamba zake, akaondoka. Tulipoteza kazi ile na aliteremka kilima akipiga mluzi, wakati sisi nyuma yake tulikuwa tunahesabu ni nani kati yetu ana akiba.

Na kabla hujakata tawi lolote, ulitakiwa kujua nani aliupanda mti ule. Katika miji mingine hilo ni swali la kawaida tu. Hapa kwetu mnajua wenyewe kwamba unaweza kubisha hodi mtaa mzima usipate wa kukujibu, na sababu yake hamhitaji mimi niwaeleze, wengine wenu mnaijua kuliko mimi. Mzee hakuwahi kutuhutubia juu ya hilo. Alisema tu, "Kama hakuna mutu wa kuuliza, acha muti. Labda ndiyo kitu yao imebaki." Nilimsikia akisema hivyo mara nyingi na sikuwahi kuzoea.

Niwaambie na vifaa, maana siku hizi mna mashine inayopiga kelele mpaka ndege wa Nyarugenge wote wanahamia Kacyiru. Mzee alikuwa na umuhoro mmoja, panga lile la ncha iliyopinda, wenye mpini wa kubadilisha, mkasi wa kupogolea aliouchukua Bujumbura na kuunoa mpaka ukabaki nusu, timazi aliyojitengenezea kwa uzi na kipande cha chuma, na shavu lake. Shavu, ndiyo. Kupima unyevu wa ukuta wa udongo hakutumia mkono. Mkono wa fundi una sugu, alisema, unakuambia mambo ya jana. Asubuhi kabla jua halijapanda alikuwa anakwenda ukutani, anavua kofia, anaulaza uso pale, anafumba macho. Wapita njia walidhani anasali. Wenye nyumba wengine walidhani ni mgonjwa, wakamletea chai. Chai alikunywa.

Sasa nifike kwenye nyumba ya Mama Domitila, maana ndiyo kazi iliyokuwa ngumu kuliko zote, na ndiyo iliyobaki nami mpaka siku ya mwisho.

Mama Domitila alikuwa mwalimu mstaafu, mjane, anaishi peke yake Kiyovu katika nyumba ya zamani ya matofali mabichi, yale tunayoyaita rukarakara, na paa la vigae vya udongo. Kuna fundi alikuwa amempigia lipu ya saruji nje nzima ili nyumba ionekane mpya. Ilionekana mpya kwa miaka michache. Kisha ukuta ukaanza kutoa jasho ndani, rangi ikavimba, na kabati la vitabu vyake likaota ukungu. Mzee aliweka shavu lake pale, akakaa muda mrefu kuliko kawaida.

"Iyi nyumba haipumui," akamwambia. "Tutaivua."

"Kuivua vipi, Muzehe?"

"Saruji yote. Tutapaka chokaa."

Mama Domitila alikaa kwenye kiti chake kwenye kibaraza akatutazama tukibandua lipu ile kwa patasi, kipande baada ya kipande, mpaka udongo mwekundu ukabaki wazi. Siku ya tatu alituambia kwamba tunaivua nyumba yake nguo mbele ya majirani, na kwamba mumewe angekuwa hai tusingethubutu. Sikujua pa kuweka uso. Mzee alishuka kwenye ngazi, akachota maji kwa kikombe, akamwagia ukuta, akamwambia asubiri. Maji yakaingia, na baada ya muda ukuta ukakauka mbele ya macho yake. "Ona," alisema, "sasa inakunywa, inapumua." Kesho yake yule mama alituletea maharage na viazi, na kila siku baada ya hapo.

Ubaya ulikuwa paa. Vigae vingi vilikuwa vimepasuka, na ilibidi malori yalete vingine. Nyumba ile ilikuwa na njia pana ya magari, iliyotoka langoni ikazunguka hadi mlangoni, na pembeni yake miti ya zamani ambayo mizizi yake ilikuwa juujuu. Mzee hakutaka lori likanyage mizizi ile. Akaamua tuweke ua wa muda kuikata njia katikati, ili malori yaishie karibu na lango na vigae tuvibebe kwa mkono. Mnaweza kufikiria tulivyofurahi.

Nguzo za ua ule tulizipata hapo hapo. Nyuma ya nyumba kulikuwa na umuvumu mkubwa, mti ule ambao zamani walibandua gome lake wakapata nguo, nao tulikuwa tumeupogoa mwanzoni mwa kiangazi. Matawi yake yalilala juani wiki nyingi, yamekauka, gome limesinyaa. Mzee akayagusa kwa mguu.

"Iyi imekufa," akasema. "Pigeni chini."

Tukazipigilia ardhini, safu nzima, tukafunga kamba. Vigae vilichelewa. Kila tukiuliza, tuliambiwa viko njiani, na nadhani njia hiyo ilipitia Kongo. Mvua zikaanza ua ukiwa bado umesimama. Asubuhi moja nafika kazini namkuta Mzee Anastazi amesimama mbele ya nguzo ya kwanza, kofia mkononi kama mtu aliye msibani. Nguzo ilikuwa na jani. Ya pili ilikuwa na mawili. Safu nzima ilikuwa imechipua.

Mtu yeyote wa Rwanda anajua kwamba umuvumu ukiuchomeka ardhini unaota. Watoto wanajua. Na yeye alikuwa anajua kuliko sisi sote, ndiyo maana alijiamini kwamba ataitambua iliyokufa. Nilijitahidi nisicheke nikashindwa, nikaenda kuchekea nyuma ya jiko.

Vigae vikaja, paa likakamilika, na siku ya kuondoa ua Mzee alifika na msumeno. Mama Domitila akasimama kwenye kibaraza.

"Muzehe, unakwenda wapi na huo msumeno?"

"Naondoa makosa yangu, Mama."

"Makosa gani? Hapa umenijengea urugo." Urugo ni boma la nyumba, ua wenyewe na watu waliomo. "Nilipokuwa mdogo, mtu akihamia pahali anajenga ua kwa miti hii. Ukichipua, wazee walikuwa wanasema hawa wamefika, hawaondoki tena. Mimi nimekaa hapa peke yangu na ukuta unaolia. Sasa ua umechipua, wewe unaniletea msumeno?"

"Mama, hapa ilikuwa njia ya gari. Njia iko ya zamani. Muti iko ya juzi. Siyo historia ya iyi nyumba, iko uzembe yangu."

"Mimi sina gari," akajibu Mama Domitila, akaingia ndani akafunga mlango.

Huo ulikuwa ugomvi pekee niliomwona Mzee akishindwa. Miti ikabaki. Na kwa kuwa imebaki ilibidi ipogolewe, akawa anaipogoa mwenyewe kila mwaka, hamwachii mtu, amekunja uso kuanzia wa kwanza hadi wa mwisho. Sisi tukaanza kuiita hivyo hivyo alivyoiita. "Leo nani yuko Makosa?" tulikuwa tukiulizana asubuhi. "Mzee yuko Makosa." Wageni waliokuja kufanya kazi kwetu walidhani ni jina la mtaa. Miti ikakua, ikashikana juu, ikaleta kivuli kizuri ambacho Mama Domitila alikaa chini yake akisahihisha madaftari ya wajukuu wa majirani, na Mzee alikuwa akipita hapo anaangalia pembeni.

Miaka mingine siwezi kuisimulia yote. Nilijifunza kuchoma chokaa na kuilaza majini. Nilijifunza kwenda Gisozi kwa maseremala na kusimama juu yao mpaka watengeneze vibao vya madirisha kama vile vya zamani na si kama wanavyotaka wao. Kuna seremala huko, Faustini, tuligombana naye juu ya bawaba za dirisha moja mpaka akaniita mama mkwe wake, na baadaye akawa rafiki yangu na wa Mzee. Niliongoza watu. Niliwapa ufagio watu wenye jembe jipya, na naomba mjue nilifurahia sana kila mara.

Mzee alipougua hakukaa muda mrefu. Tulimzika kwa heshima, tukarudi nyumbani kwake Gisozi, watu wakajaa mpaka barabarani. Kuna ofisa mmoja alisimama akasoma hotuba nzuri, kwamba marehemu ameuachia mji huu hazina. Akataja nyumba, akataja bustani. Nami nilikuwa nimekaa karibu na mjane wake, Mama Goreti, kwenye mkeka. Alikuwa ametulia kabisa, mikono magotini. Akaniinamia.

"Venansia," akaniambia kwa sauti ya chini, "wewe ulikuwa naye kila siku. Nionyeshe kitu kimoja alichopanda yeye mwenyewe. Wajukuu wananiuliza babu alifanya kazi gani, nawaambia bustani, wanataka kwenda kuona mti wa babu. Niwapeleke wapi?"

Ningempeleka wapi? Kwenye misave aliyokataa kuing'oa? Kwenye kuta alizozivua? Kazi yake yote ilikuwa kuhakikisha kwamba haonekani, na aliiweza. Kitu pekee alichokichomeka ardhini kwa amri yake katika bustani za watu ni Makosa, na alikuwa ameilaani kila mwaka mbele yetu sote. Nisingeweza kumwambia mjane kwenye mkeka wa msiba kwamba mumewe ameacha safu ya uzembe wake. Nikamwambia nitakuja kumwambia, anipe muda. Akanipiga begani taratibu, kama kwamba mimi ndiye niliyefiwa. Nililia siku ile kuliko nilivyomlilia baba yangu, na baba yangu nilimpenda.

Muda ukapita na sikuwa na la kumwambia. Nikipita Gisozi nilikuwa nazunguka njia ya juu nisikutane naye, jambo ambalo kwa umri wangu na magoti yangu lilikuwa adhabu tosha.

Kisha Mama Domitila akazeeka zaidi, mtoto wake akaja kumchukua, na nyumba ikauzwa. Mnunuzi alikuwa kijana anayeitwa Frank, aliyekulia Uganda, mpole, anavaa viatu vyeupe hata kwenye matope. Aliipigia simu kampuni yetu, akasema nyumba anaitaka kama ilivyo, hataki kuiharibu, aletewe mtu anayeijua. Ilikuwa imebaki miezi michache nistaafu. Nikaenda mimi.

Tulizunguka bustani nzima pamoja. Alikuwa anauliza vizuri na anasikiliza. Tulipofika kwenye safu ile alisimama kivulini.

"Mama, sasa iyi hapa," akasema, Kiswahili chake kile cha Kampala. "Mimi niko na mama yangu, anakuja kuishi hapa. Miguu yake imekataa, anatumia kiti ya magurudumu. Gari lazima ifike mpaka mulango. Lakini walinieleza hii compaundi ni ya zamani sana, na kama miti ni ya zamani, mimi siguzi. Tutabeba mama. Wewe ndiye unajua. Iyi miti ni ya zamani?"

Alikuwa ananitazama usoni, na niliona kabisa kwamba lolote nitakalosema ataliamini. Miti ilikuwa mikubwa. Neno moja lilitosha. Ningemwambia ni ya zamani, Makosa ingebaki, na kesho yake ningekwenda kwa Mama Goreti nikamwambia wapeleke wajukuu Kiyovu, mti wa babu uko pale, si mmoja, ni safu. Moyo wangu ulitaka hivyo kwa nguvu. Niliushika mti wa kwanza, gome lake lilikuwa la baridi.

Lakini chini ya miti ile ilikuwa njia, na njia ile ilikuwa ya zamani. Niliijua ilivyozunguka, nilifagia juu yake. Na mtu aliyenifundisha kuijua asingenisamehe.

"Si ya zamani," nikamwambia. "Ni ua wa muda uliochipua. Aliyeuweka ni mwalimu wangu, alidhani nguzo zimekufa. Hapa palikuwa na njia ya gari mpaka mlangoni. Ikate miti."

Nadhani Frank aliona uso wangu. "Una uhakika, Mama?"

"Nina uhakika. Ila uniachie niikate mwenyewe, na usubiri mvua ya kwanza."

Akasubiri. Wala sikuwaita watu. Nilimwambia Faustini tu kwamba nitahitaji msumeno mzuri, na Faustini hawezi kuweka siri hata ukimfunga mdomo kwa gundi yake mwenyewe. Asubuhi ile ya mvua nilimkuta langoni na nusu ya watu waliowahi kufanya kazi chini ya Mzee, wengine wazee kama mimi, wengine kati yenu mlikuwepo. Kuna aliyekuja na moto, yaani pikipiki ya abiria, amelipa dereva amsubiri. Tulikata taratibu, kuanzia juu, kama alivyotufundisha, na kila tawi lenye unene wa mkono tuliliweka kando. Hakuna aliyesema la kufanya. Kila mtu alichukua nguzo yake, akaifunga begani au nyuma ya moto, akaondoka nayo kwenye mvua. Faustini alichukua moja na kuapa kwamba hataipiga randa.

Mama yake Frank alikuwa ameshaletwa, amekaa kwenye kiti chake kwenye kibaraza, blanketi magotini, anatazama yote. Akaniita.

"Hiyo miti mnaigawana ni ya nini?"

Nikamweleza.

"Basi na mimi mnipandie mmoja. Hapo, pembeni ya ngazi."

"Mama, hapo hapana."

"Hii ni nyumba ya mwanangu."

"Ni yake. Lakini pembeni ya ngazi hapajawahi kuwa na mti, na mwenye miti hii hakupenda kuongezewa vitu."

Frank alianza kuomba radhi kwa niaba ya mtu, sijui ni mimi au ni mama yake. Bibi akamwamuru mwanawe aufunge mmoja juu ya gari, ukapandwe kwenye shamba lake Bugesera, ambako alisema hakuna mtu wa kumwambia hapana.

Uliobaki ulikuwa wangu. Nikaubeba mwenyewe mpaka Gisozi, kwa njia ya chini safari hii, nikafika kwa Mama Goreti nimelowa chepechepe. Alikuwa anachambua mchele mlangoni. Niliusimamisha ule mti ukutani mbele yake na maji yakawa yananitiririka.

"Hiki ndicho alichopanda," nikasema. "Uliniuliza."

Aliuangalia, akauangalia tena, akapitisha kidole kwenye gome. "Umuvumu. Aliupanda wapi?"

"Kiyovu. Lakini nisikudanganye, Mama. Aliupanda kwa makosa. Alidhani umekufa, ukachipua, na kila mwaka alikuwa anaulaani."

Mama Goreti aliweka ungo chini. Alicheka mpaka akajifuta macho kwa kitenge, na mimi nikaanza kulia na kucheka naye, tumesimama mlangoni kama watu wasio na akili. Kisha akawaita wajukuu waje na jembe.

"Sasa nakuamini kwamba ni wake," akaniambia. "Angeupanda kwa kusudi, angeung'oa kesho yake."